Daraja la Lavertezzo zuri mno, waliotupeleka hapana

Nyota moja, na hiyo ni ya daraja, si yao.

Mama alipokuja kunitembelea Milan kiangazi, nilimlipia safari ya basi kwenda bonde la Verzasca, Uswisi, kwa kampuni ya wenzetu wa nyumbani. Nikajua atapata watu wa kuongea nao.

Ponte dei Salti, hilo daraja la kijiji cha Lavertezzo, ukiliona utanyamaza. Matao mawili ya mawe, njia nyembamba juu, chini maji ya kijani yanayoonyesha hadi kokoto. Ni la karne ya 17. Mafuriko ya 1868 yakabeba upande mmoja, likarudishiwa 1960. Hayo nimeyasoma mwenyewe. Mwongozaji wetu alituambia tu tupige picha.

Mama akavua kandambili, akakaa kwenye jabali, akatia miguu mtoni. Baridi! Akacheka, akasema maji yanamkumbusha Soni, kwao Lushoto. Mara nikasikia kutoka juu ya daraja: "We bibi! Toka huko, unatuchelewesha!" Na makofi juu, kama anafukuza kuku. Ndiye mwongozaji, kijana ambaye tangu asubuhi hakumwamkia hata shikamoo! Mama akainuka kimya, miguu inateleza. Aliyempa mkono ni mzungu mpita njia. Yule wetu alikuwa anachezea simu.

Kweli mto ule ni hatari. Mkondo wake umeshaua waogeleaji na mabango ya onyo yapo. Angesema, "Mama, tafadhali, hapo si salama," ningemshukuru. Lakini yeye hoja yake ilikuwa muda. Na muda wenyewe tulikwenda kuumalizia kwenye bwawa la Contra, ukuta wa mita 220, tukiwasubiri vijana waliolipia kuruka na kamba. Wao hawakupigiwa makofi.

Msiende. Yaani, nendeni, ila si na hawa. Pandeni treni hadi Tenero, halafu basi la posta, lile la njano, linafika Lavertezzo kwenyewe. Mtakaa mtakavyo. Epukeni wikiendi za joto, maana tangu ile video ya 2017 iliyoliita bonde hili Maldivi ya Milan, watu hujaa.

Dereva alikuwa mstaarabu, nilitaka kumwongezea nyota ya pili. Lakini nimewaandikia, wamenijibu eti mama "alielekezwa". Kuelekezwa gani kule? Namba yake wanayo, na hadi leo hakuna aliyempigia kumwomba radhi. Inabaki moja.