Sauti za Busara: viti vizuri Ngome Kongwe ni vya katikati

Tangu 2004, tamasha hili la Februari ndani ya Ngome Kongwe, ngome ya zamani mjini Zanzibar, limejengwa juu ya muziki unaopigwa papo hapo jukwaani, na hilo pekee linatosha kulipia tiketi.

Mahali pa kukaa ndipo penye kazi. Usikimbilie mbele: pale unasikia ngoma na besi tu. Kuta za mawe nazo hurudisha sauti, hivyo pembeni maneno huvurugika. Kaa usawa wa meza ya fundi mitambo, maana anapanga sauti kwa anachosikia pale alipo. Ngazi za kukalia ni ngumu. Kunja kanga mara nne ukalie.

Kikundi cha taarab kikichelewa kuanza, vumilia. Kanuni, ala ya nyuzi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole, ina nyuzi zaidi ya 70, na unyevu wa pwani huziharibia mlio, hivyo lazima zilinganishwe upya. Kwenye vipaza sauti, fidla ndizo huumia zaidi: fundi mitambo akizipandisha kupita kiasi, maikrofoni hupiga mluzi, akizishusha, ngoma ya dumbaki inazimeza. Zikipatiwa, hakuna raha ipitayo hiyo.

Kula mapema Forodhani, ng'ambo ya barabara tu, kabla foleni ya urojo haijarefuka.