Gari langu la umeme lilipoteza sauti, na mimi dereva nikawa wa mwisho kujua

Jirani wa ghorofa ya juu ndiye aliyeniambia, tena kwa kunishukuru. "Afadhali umeuzima ule mlio, jirani. Siku hizi usingizi unanikolea mpaka jua linachomoza." Dirisha la chumba chake linatazama maegesho yetu, na mwaka mzima alikuwa akinung'unikia sauti ya gari langu nikitoka alfajiri. Aliifananisha na jini anayepiga mluzi ndani ya chupa. Nikazipokea shukrani nisizostahili, nikashuka ngazi. Nilipofungua mlango wa gari ndipo nikajiuliza: nimeuzima mimi? Kwa kitufe kipi?

Mlio wenyewe ni ule unaotolewa na spika ya nje ya gari ili waenda kwa miguu walisikie gari la umeme likija polepole, na gari langu halina kitufe cha kuuzima. Magari ya umeme ya mwanzo mwanzo yalikuwa nacho. Kwenye Nissan Leaf za kwanza dereva aliweza kuzima sauti akipenda. Baadaye sheria zikakaza. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mlio wa magari yasiyo na kelele, ilirekebishwa ikakikataza kitufe hicho, na Ulaya kila gari jipya la umeme au haibridi (linalochanganya umeme na petroli) tangu Julai 2021 ni lazima litoke kiwandani likiwa na mlio huo. Kwa hiyo kama langu limekaa kimya, hakuna aliyelizima. Limeharibika.

Jioni ile nilimwomba binti yangu asimame hatua chache kando ya njia, nikapita mbele yake polepole, vioo vyote vimefungwa kama ninavyoendesha siku zote. Kisha nikarudi rivasi. Nilipoteremsha kioo kumuuliza, alikuwa anacheka. "Baba, linakuja kama paka." Kwenda mbele alisikia kokoto chini ya matairi tu. Kwenye rivasi alisikia kitu kama mfuko wa nailoni unaokunjwakunjwa, halafu basi.

Dashibodi nayo? Shwari. Hakuna taa ya onyo, hakuna ujumbe. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kimya chenyewe, na ilinichukua muda kuelewa sababu yake. Kompyuta ya gari haisikilizi sauti, inakagua waya. Ikipeleka umeme kwenye spika na kukuta koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, bado imeunganika, inaridhika. Utando wa spika unaweza kuwa umechanika au umejaa matope, koili ikawa nzima, na kompyuta ikaendelea kuamini kwamba gari linaimba. Aliye nje ndiye anayejua ukweli, na aliye nje hana namna ya kukuambia, labda awe jirani yako mwenye usingizi mwepesi.

Nikapeleka gari kwa wakala aliyeniuzia. Simtaji jina, maana nataka kuzungumzia kazi yao, sina haja ya kugombana na bango lao. Mhudumu wa mapokezi alichomeka kipimo, akakisoma, akatabasamu. "Hakuna msimbo wa hitilafu, mzee. Gari zima." Nikamuuliza kama kuna aliyelisikiliza. Tukatoka uani, nikalisogeza mbele yake huku kompresa ya gereji inanguruma nyuma yetu. Akainamisha kichwa. "Nasikia." Alichokuwa anasikia ni feni ya kupoza betri. Nikaondoka na karatasi yenye mhuri kwamba gari limekaguliwa na halina tatizo. Ninayo mpaka leo.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na taa ikawaka hatimaye: mfumo wa sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu una hitilafu, peleka gari kwa fundi. Niliifurahia taa ile kama mtu aliyepata shahidi. Safari hii msimbo ukaonekana. Wakaufuta! Walifuta msimbo, wakanirudishia ufunguo, na keshokutwa yake taa ikawaka tena. Sijui kama kuna fundi wa bomba anayeweza kuja nyumbani kwako, akafuta maji yaliyomwagika sakafuni, akaaga.

Niliporudi mara ya tatu mhudumu aliniambia kwa upole kwamba hiki ni kitu kidogo, gari linatembea vizuri, nisilipe uzito. Ni kweli linatembea. Motor, breki, chaji, vyote havina habari na spika hii. Lakini nilimkumbusha kwamba Februari 2022 Tesla ililazimika kuyaita magari zaidi ya 578,000 nchini Marekani kwa sababu ya jambo linalofanana na hili: wenye magari waliweza kupiga muziki na sauti za utani kupitia spika ya nje gari likiwa linatembea, na sauti hizo zingeweza kuufunika mlio wa tahadhari. Kasoro ile ilirekebishwa kwa programu tu, hakuna nati iliyofunguliwa. Hata hivyo haikuhesabiwa kitu kidogo. Mhudumu alisikiliza, akaandika "mteja anasisitiza" kwenye fomu.

Kusisitiza kulisaidia. Gari likakabidhiwa kwa dada mmoja fundi ambaye alifanya kitu cha kwanza cha maana katika hadithi hii: alilala chini akamulika tochi. Kwenye gari langu spika imefungwa nyuma ya bampa ya mbele, chini kabisa, upande wa abiria, mahali ambapo kila dimbwi linaruka kwanza. Alikagua fyuzi, ikawa nzima. Akatenganisha waya wa betri ndogo ya volti 12, akafungua skrubu za ndani ya mudgadi, akachomoa klipu za juu na kuitoa bampa. (Msijaribu hili uani kwenu kwa sababu ya ninyi kunisoma mimi. Nyuma ya bampa kuna sensa za maegesho, na kwenye magari mengine kuna rada inayohitaji kupangwa upya. Nyaya za rangi ya machungwa zimebeba umeme wa kuua.) Akaniita niangalie.

Soketi ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini. Aliposhika spika na kuitikisa, maji yalicheza ndani kama dafu. Akaigeuza, akanionyesha tundu dogo la kutolea maji. Spika za namna hii hutengenezwa zikijua zitalowa. Ndiyo maana zina tundu, na tundu hutazama chini. La kwangu lilikuwa linatazama juu.

"Hii ilifungwa kichwa chini," alisema, kisha akanyamaza, kwa sababu wote wawili tulikumbuka kwa pamoja. Miezi minane nyuma bampa ile ile ilitolewa kwenye gereji ile ile, kubadilisha sensa ya maegesho. Mtu alirudisha kila kitu, ila kishikio cha spika kinakubali skrubu pande zote mbili, na hakuna aliyetazama tundu. Mvua ya miezi minane ikaingia ikakaa.

Sasa ikaja sehemu ya dhamana. Meneja wa huduma alisoma ripoti na kusema maji na matope ni athari za nje, na athari za nje hazimo kwenye dhamana. Kwa bahati nilikuwa nimepiga picha kabla spika haijafunguliwa, tundu likionekana juu, na nilikuwa na ankara ya kazi ya sensa yenye tarehe. Nikaviweka mezani, sikupandisha sauti. Alitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoka, akarudi na jibu tofauti: watabadilisha bila malipo. Kama yupo anayesoma hapa akiwa na gari lenye shida kama yangu, piga picha kila kitu kabla hakijaguswa, na usitupe ankara hata ya kazi isiyohusiana. Ankara ya sensa ndiyo iliyoniokoa.

Spea ilichukua wiki sita. Sikujua kitu kidogo kinaweza kukosekana hivyo.

Wiki hizo sita zilinifundisha kuendesha upya. Nilikuwa nadhani mlio ule ni urembo wa kisheria. Kumbe una kazi mbili: unasema "nipo", na unasema "naongeza mwendo" au "napunguza", kwa sababu kanuni inataka toni yake ipande na kushuka pamoja na kasi. Honi haiwezi hiyo kazi ya pili. Honi inasema "ondoka", na mtu anayeambiwa ondoka ghafla huruka upande wowote. Nilijaribu kuitumia kidogo kidogo, nikaacha baada ya siku mbili.

Kwenye maegesho ya duka nilikutana na mzee anatembea katikati ya njia, mifuko mikono yote miwili. Sikutaka kumpigia honi. Nikamfuata taratibu, nikingoja ahisi. Hakuhisi. Tulikwenda hivyo kama hatua ishirini, mpaka akageuka kutafuta gari lake, akakuta bampa yangu karibu na magoti. Mfuko mmoja ukaanguka. "Unanivizia?" aliniuliza, sauti ikitetemeka. Nilishuka kumwokotea vitu na kumwomba radhi, na sikuwa na maelezo yasiyosikika kama kisingizio. Huyo aliona. Asiyeona, anayevuka kwa fimbo na masikio, asingepata hata hiyo nafasi ya kugeuka. Tangu siku hiyo niliendesha vioo vyote vikiwa chini na mguu juu ya breki, nikawa wa mwisho kutoka kila maegesho.

Spea ilipofika, yule dada aliifunga tundu chini, akapaka grisi ya umeme kwenye soketi, akaunganisha betri, na gari likakaa kimya vilevile. Roho ikanishuka. Akasema nisubiri: kifaa kipya hakijui kimefungwa kwenye gari gani, lazima kisajiliwe kwa kompyuta na kupakiwa sauti yake. Dakika kumi hivi. Kisha akafanya kile ambacho ningetaka kila gereji ifanye: akamwita mwenzake aendeshe, kompresa ikazimwa, yeye akasimama mita mbili kando ya njia akisikiliza, mbele na rivasi. Mita mbili ndio umbali ambao kanuni inapimia. Inataka angalau desibeli 50 gari likiwa kilomita 10 kwa saa, 56 likifika 20, na 47 kwenye rivasi, isizidi 75. Juu ya kilomita 20 matairi yenyewe yanatosha kupiga kelele. Marekani wao wanadai mlio mpaka kilomita 30, na hata gari likiwa limesimama ilimradi gia haiko kwenye maegesho. Nilikuwa na programu ya desibeli kwenye simu, ambayo si kipimo cha kitaalamu, lakini kabla ya matengenezo mshale haukusogea nilipopitishiwa gari, na sasa ulisogea vizuri.

Alama zangu. Kwa aliyeamua kuweka kifaa cha usalama mahali penye matope mengi kuliko pote kwenye gari, kwa kishikio kinachokubali kufungwa kichwa chini: nyota mbili. Kwa mapokezi: moja, na hiyo ni kwa sababu ya chai. Kwa yule dada fundi: tano, na kama angekuwa na gereji yake ningehamia huko leo. Gari lenyewe bado nalipenda, ila kila mwezi binti yangu anasimama kando ya njia, na mimi napita.

Asubuhi ya kwanza baada ya kulichukua nilikutana na jirani kwenye ngazi, macho mekundu.

"Umeuwasha tena."

"Ulikuwa umeharibika, jirani. Nimeutengeneza."

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa mgeni aliyekwisha kumuaga. Siku hizi ananisalimia kwa kichwa tu.