Plagi ya glo: wiki tatu nikiisingizia kabureta

Injini yangu ni ya ndege ndogo ya mfano, ya mipigo miwili, sentimita za ujazo 7.5, na naitilia mafuta ya methanoli yenye nitromethani (nitro) asilimia 5. Ilikuwa na kituko kimoja: ukiiwasha inaitika papo hapo, ukichomoa betri ya plagi inashuka mzunguko, inakohoa, inazima. Nikaisingizia kabureta. Nikafungua sindano yake ya kupimia mafuta, nikafunga, nikafungua tena, mpaka vidole vikawa vinanukia mafuta ya nyonyo hadi kitandani.

Kumbe ni plagi, na wala haikuwa mbovu. Nilipewa na mwenzangu ambaye ndege yake inakunywa nitro nyingi, kwa hiyo ilikuwa plagi baridi, yaani inayopoteza joto haraka. Plagi hizi hazirushi cheche kama za pikipiki. Ndani kuna koili ya platinamu. Betri ya volti 1.5 inaipasha moto wakati wa kuwasha tu. Ukishachomoa betri, koili inabaki nyekundu kwa joto la mgandamizo na kwa jinsi methanoli inavyoungua inapogusana na platinamu. Mafuta yangu ya nitro kidogo hayakuweza kuiweka plagi baridi kwenye joto lake, hasa kwenye sailensa, yaani injini inapozunguka polepole bila kuvutwa mafuta.

Nikafunga plagi ya kampuni ya O.S., namba 8, ya joto la wastani. Nilipochomoa betri nilisubiri ile kohoa yake, haikuja. Nikaiacha kwenye sailensa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuthubutu, kisha nikavuta mafuta ghafla. Ikapokea. Plagi hiyohiyo imenivusha msimu mzima.

Kabla ya hapo niliwahi kununua pakiti ya plagi za bei ya chini, jina nalimeza. Mbili zilikufa siku moja. Nilipozifungua, koili imekunjamana na kufifia, haina tena ule mng'ao wa mpya. Ila nikiwa mkweli, siku hiyo nilikuwa nimebana sindano mno, na injini ikinyimwa mafuta huunguza plagi yoyote, ya ghali au ya bure. Kwa hiyo nyota sitawanyima zote.

Ukienda kununua, usiangalie joto peke yake. Nyuzi za kufungia plagi kwa kawaida ni za kipenyo cha robo inchi, 32 kwa inchi, lakini urefu unatofautiana: ndefu kwenye kiinjini kidogo inaweza kugonga pistoni. Aina ya turbo hukaa kwenye kiti cha mteremko bila washa ya shaba, haiingiliani na hizi. Mwenye injini ya mipigo minne atafute iliyotengenezewa hizo, mfano O.S. aina ya F. Na tafadhali, usijaribu plagi kwa betri ya volti 12; utaona mwanga mara moja tu.

Ile baridi nimemrudishia mwenyewe. Kwenye injini yake inanguruma vizuri tu.