Niliweka zuio kwenye kiwanja cha mdaiwa wangu: yaliyonikuta

Miezi minane nililala bila wasiwasi kwa kuwa hatimiliki halisi ya kiwanja cha mdaiwa wangu ilikuwa kabatini kwangu. Alinikabidhi mwenyewe siku alipochukua mzigo kwa mkopo, tukaandikiana kwamba kiwanja ndicho dhamana. Wakili aliposikia akaniuliza swali moja tu: daftari la msajili wa ardhi linasemaje?

Sikuwa na jibu. Makubaliano yale yalitubana mimi na yeye. Mnunuzi asiyeyajua angelipa, akahamishiwa umiliki, nami nikabaki na karatasi. Mfumo huu wa kusajili ardhi, tangu ulipoanza Australia Kusini mwaka 1858, umesimama juu ya hilo: watu waamini kilichomo daftarini. Halafu mwenye kiwanja akitaka, anaapa hati imepotea na kuomba nyingine!

Tukafanya upekuzi rasmi, yaani kuomba ofisi ya msajili ituonyeshe daftari linasema nini kuhusu kiwanja. Kiwanja kilikuwa bado chake, hakina rehani. Wakili akanishauri niweke zuio, yaani maandishi daftarini ya kuzuia kiwanja kisihamishwe bila dai langu kujulikana. Ombi langu lilirudishwa mara moja kwa sababu jina lake kwenye mkataba lilipungua herufi moja. Nilikasirika, lakini kosa lilikuwa langu.

Lililoniuma ni deni la pili. Huyu bwana alichukua mzigo mwingine baadaye kwa ahadi ya mdomo, nami nilitaka madeni yote mawili yaingie. Likakubaliwa la kwanza peke yake, kwa kuwa mkataba ulikitaja kiwanja. Kudai fedha si kudai ardhi, wakili akasema. Hilo la pili nifungue kesi, na nikishinda niombe mali ikamatwe kwa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama, kisha amri hiyo nayo isajiliwe.

Msajili alimpelekea taarifa mwenye kiwanja, na jioni simu ikaita: "Ndugu yangu, umenifungia kiwanja?" Ana haki ya kulipinga zuio mahakamani, na mtu akiweka la uongo anaweza kudaiwa fidia. Langu hakulipinga. Wiki chache baadaye akaja na mnunuzi aliyekuwa ameliona zuio kwenye upekuzi na kugoma kulipa hata senti. Tukakaa watatu kwa wakili, fedha yangu ya deni la kwanza ikakatwa kwenye bei, nikasaini kuliondoa na kurudisha hati.

Kuliondoa kulichukua siku nyingi kuliko kuliweka, mnunuzi akinipigia kila asubuhi kana kwamba ofisi ile ni yangu. Deni la pili bado liko mahakamani, na kiwanja kina mwenyewe mpya.