Sato wa Kirumba, jiko la gesi na mishahara ya wahudumu

Wadau wa Mwanza, juzi nimekula kwa mama ntilie mmoja jirani na Mwaloni Kirumba, sato wa kukaanga na ugali wa muhogo elfu nane, samaki freshi kabisa, kachumbari ina ndimu ya kutosha, aisee nilimaliza mpaka kichwa. Huduma chapchap, ila maji ya kunawa yaliisha tukasubiri.

Kilichonigusa zaidi ni jiko. Kaacha mkaa kahamia gesi na hajapunguza mtu hata mmoja, yule dada aliyekuwa anapuliza mkaa saivi anapara samaki na posho yake ni ileile. Ila mama ana wasiwasi, anasema wakiongeza kodi ya mkaa au ya mafuta basi nauli inapanda, sahani inapanda, wateja wanapungua, na wa kwanza kuumia ni hao wasichana wake. Nikamwambia mama, inategemea hela ya kodi inaenda wapi. Ujerumani kuanzia 1999 walipandisha kodi ya mafuta na kuanzisha kodi ya umeme, sehemu kubwa ikaenda kwenye pensheni ili makato ya mshahara yapungue kwa mwajiri na kwa mfanyakazi. Sasa huku kwetu wahudumu wengi hawana mkataba wala makato, nafuu kama hiyo itawafikiaje? Mimi naona bora irudi kwenye bei ya kujaza mtungi, hapo hata mama lishe ataiona.

Nendeni kabla ya saa saba, sato wakubwa wanaisha mapema.