Kilo Mbili za Pofu: Tathmini ya Bucha la Nyamapori Dodoma

Kwa muda mrefu nyamapori ilikuwa kitoweo cha kunong'onezwa. Ililetwa usiku, ikiwa imekaushwa na kukatwa vipande ambavyo hakuna awezaye kuapa vimetoka kwa mnyama gani, na aliyekamatwa nayo bila kibali alikabiliwa na shtaka la kupatikana na nyara za Serikali, ambalo si la kufanyia mzaha. Kwa sababu hiyo nimefika umri wa miaka 46 bila kuionja. Kanuni za mwaka 2020 za uuzaji wa nyamapori, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ziliruhusu mabucha yenye leseni, nami mwezi uliopita nikiwa Dodoma kwa wakwe niliamua kuingia katika mojawapo.

Bucha lenyewe ni dogo, lina vigae vyeupe, majokofu mawili na msumeno wa umeme. Nilikuwa nimekusudia nyati, lakini muuzaji alinieleza bila kuficha kwamba nyati aliyebaki alikuwa mzee na angenimalizia gunia la mkaa. Akanishauri nichukue pofu. Huyu ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa kundi la swala katika Afrika Mashariki, na dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 700, kwa hiyo paja lake halitofautiani sana kwa ukubwa na la ng'ombe. Nilichukua kilo mbili za paja, nikalipa zaidi kidogo ya bei ya nyama ya ng'ombe, na nikapewa stakabadhi yenye jina la mnyama na uzito. Muuzaji alinisisitizia niitunze mpaka sufuria itakapooshwa, na sikuona kama anatania.

Nyama ilikuwa imeganda kama jiwe, jambo ambalo sikulifurahia kwa sababu ilichukua usiku mzima kuyeyuka na ikaacha maji mengi mekundu kwenye bakuli. Ilipolainika niliiona vizuri: nyekundu iliyokolea, inayokaribia rangi ya ini, yenye nyuzi nyembamba na bila ile mistari myeupe ya mafuta tuliyoizoea. Niliinusa nikitarajia harufu kali ya porini niliyosimuliwa tangu utotoni, lakini sikuipata. Nadhani harufu ile ilikuwa ya nyama iliyokaa siku tatu ndani ya kiroba.

Ukosefu wa mafuta ndio uliniumbua. Nusu kilo niliichoma mkaani kwa chumvi na ndimu, kama nichomavyo nyama ya mbuzi, na baada ya dakika ishirini nikawa na kitu cha kushonea kandambili. Kosa hilo ni langu na wala si la bucha, kwani nyama isiyo na mafuta huishiwa maji kabla hujageuza upande wa pili. Kilo moja na nusu iliyobaki niliitia tangawizi, kitunguu saumu na kikombe cha mtindi, nikaiacha saa nne, kisha nikaichemsha taratibu kwa karibu saa tatu kabla ya kuiunga kwa nyanya na vitunguu. Hapo ikawa nyama nyingine kabisa. Ilikuwa laini, yenye utamu wa ng'ombe aliyelishwa majani matupu, na mchuzi wake ulikuwa mwepesi usioganda mdomoni hata ulipopoa.

Kasoro kubwa ya huduma niliigundua mezani. Mama mkwe alitazama bakuli, akaniuliza kwa upole: "Baba Salma, huyu alichinjwa au alipigwa risasi tu? Na aliyempiga alitaja jina la Mungu?" Sikuwa na jibu. Nilimpigia simu muuzaji, naye alijua kibali kilikotoka na tarehe nyama ilipoingia, lakini hakujua lolote kuhusu mwindaji. Katika mji wenye Waislamu wengi kiasi hiki, bucha linaloweza kuandika uzito wa mnyama kwenye stakabadhi linashindwaje kuongeza mstari mmoja unaoeleza nani alimwinda na namna alivyochinjwa? Ni pengo linalowafungia mlango wateja ambao fedha wanazo na hamu wanayo.

Kwa usafi, uaminifu wa mizani na ushauri wa muuzaji sina lawama. Nitarudi kununua pofu, safari hii nikiomba nyama yenye mfupa kwa ajili ya supu, na nitauliza swali la Mama kabla ya kufungua pochi. Siku ile yeye alikula ugali wake kwa mchicha, na nilipoinuka kwenda kunawa nilimsikia akimuuliza binti yake kama kweli mchuzi ule haukutiwa nazi.