TAHADHARI: Wanaojiita "ofisi ya malazi" ya kongamano ni matapeli

Wadau, msimu wa makongamano ukikaribia hawa jamaa nao wanaamka, na wameshaanza kupigia watu simu, naomba usitoe namba ya kadi yako kwa mtu yeyote kabla hujasoma hii.

Wanaingia kwenye tovuti ya kongamano wanachukua majina ya watoa mada na wenye mabanda ya maonyesho, yako wazi pale kila mtu anayaona, halafu wanakupigia au wanakutumia imeili, wanakutaja jina, wanataja mada yako na hoteli yenyewe, unaamini kabisa ni waandaaji. "Vyumba vya washiriki vimebaki vichache, tukushikie kimoja, ila malipo yawe leo." Bei yao mara nyingi iko chini kidogo ya ile ya waandaaji na hapo ndo watu wanaingia mkenge, hasa wanafunzi na wanaojilipia wenyewe. Kinachoniuma ni hicho, wanawaliza wale wale wanaohangaika kupunguza gharama.

Mwenzetu mmoja alifika mapokezi usiku na begi lake, karatasi ya buking mkononi ina nembo ya kongamano, mhudumu akatafuta jina hakuna, hoteli imejaa, akipiga ile namba haipatikani. Akaenda kulipa kwingine kwa bei ya usiku huo huo, na pesa ya kwanza haijarudi mpaka leo.

Ukiwaambia nimepiga hotelini jina langu halipo, wanakujibu orodha bado haijapelekwa. Hapo wanachanganya watu kweli, maana hata wakala halali huwa anakusanya majina kwanza ndo anayapeleka hotelini wiki za mwisho. Kwahiyo usiishie hotelini, waulize waandaaji wenyewe kwa imeili iliyo kwenye tovuti yao, sio kwa kujibu ile uliyotumiwa, kampuni hii mnaijua? Na ukiona wanataka ulipe yote mapema hairudishwi, au uwajazie fomu yenye namba ya kadi na zile tarakimu 3 za nyuma uitume kwa imeili, kimbia. Kwa kawaida kwa bei ya kundi, yaani ile nafuu waandaaji waliyokubaliana na hoteli kwa ajili ya washiriki, unaweka kadi kama dhamana au unalipia usiku wa kwanza, na kuna tarehe ambayo kabla yake unaweza kughairi.

Halafu wanatuumiza sote, hata ambao hatujapigiwa. Waandaaji wakisaini na hoteli wanaahidi vyumba vitajaa, mara nyingi asilimia 80 mpaka 90, sasa watu wakilipa kwa matapeli vile vyumba havijai, na visipojaa waandaaji ndo wanafidia na hela hiyo inakuja kutafutwa kwenye kiingilio chetu. Kama bei ya waandaaji bado ni kubwa kwako, buku mapema, tarehe ya mwisho huwa wiki 3 au 4 kabla ya kongamano, ikipita vyumba vinarudi kwa hoteli na bei ile huna uhakika nayo tena. Au tafuta mtu mshee chumba, au uliza kama kuna mabweni ya chuo jirani, makongamano mengine huwa wanayo ila hawayatangazi sana.

Ulieshalipa, piga benki leo hii wazuie kadi na uyapinge hayo malipo, usifute imeili hata moja, na uwape waandaaji jina la kampuni walilojiita pamoja na namba waliyokupigia, wawatangazie washiriki wengine kabla hawajafikiwa.